Nilimwambia Nakuja

Sikulazimishi uniamini. Mimi mwenyewe, kama ningesimuliwa haya na mtu mwingine, ningemuuliza kama ameamka salama. Lakini yalinipata mimi, tena mchana wa jua kali, pale ufukweni Kibirizi, na ujumbe wa kuthibitisha ninao kwenye simu hadi leo.

Mimi ni mwanamke wa Singida, karani wa kampuni ya mizigo, nililetwa Kigoma kikazi. Ofisini walitangaza nafasi ya msimamizi Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kwa yeyote atakayefaulu usaili wa Kifaransa. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Nikapakua programu ya kujifunzia lugha, na kila saa saba mchana nikawa nakaa kwenye ngazi za ghala moja lililofungwa, nakariri vitenzi kwa sauti. Je viens, tu viens, elle vient. Nakuja, unakuja, anakuja. Wapita njia walinicheka, na mimi nilijicheka.

Siku ya tatu akaja mama mmoja, akaketi kando yangu. Kitenge chake kilikuwa kimelowa hadi magotini. Nikadhani ametoka kufua ziwani. Akanisahihisha matamshi, taratibu, bila kunikejeli. Nikamtajia jina langu kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, nikamuuliza lake. Akasema, "Je suis morte."

Basi somo langu lilikuwa bado liko kwenye wakati uliopo. Nilichojua ni kwamba "je suis" maana yake "mimi ni". Nikampa mkono. "Enchantée, Madame Morte," yaani nimefurahi kukufahamu, Bi Morte. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Mkono wake ulikuwa wa baridi, lakini nani hana mikono ya baridi akitoka kufua?

Alinifundisha wiki tatu. Usaili niliufaulu kwa msaada wake, sifichi. Nikapangiwa kuvuka Jumanne. Ijumaa iliyotangulia, kabla hata sijamwambia, akaniuliza: "Mardi, tu viens avec moi?" Jumanne, unakuja na mimi? Nilifurahi kuelewa sentensi nzima. Na unajua sisi tulivyo: mtu anainuka kwenye kiti, anasema "nakuja", na ndiyo kaondoka hivyo, humwoni tena. Nikainuka nirudi ofisini, nikamjibu kwa mtindo huohuo: "Oui, je viens." Safari hii hakucheka.

Jumatatu jioni programu ikafungua somo jipya, wakati uliopita. Sentensi ya kwanza: Je suis morte. Nikabonyeza kuona maana yake.

Nimekufa.

Niliisoma mara ngapi? Sijui.

Kulipokucha nikamkimbilia Mama Jeni, anayeuza ugali na samaki wa migebuka mkabala na ghala lile. Nikamwamkia, nikamuuliza yule mama ninayekaa naye ni wa wapi.

"Mama gani, mwana wanje?" akasema. "Wewe si unakaga peke yako na simu yako? Ila ukiinuka, ile ngazi ya pembeni yako inabaki imelowa. Nikajua unanawa."

Boti iliondoka bila mimi. Nafasi akapewa mwenzangu Neema, na bosi mpaka leo hanitazami usoni. Boti ilifika salama, ziwa limetulia, na kwa siku kadhaa nilijiona mjinga niliyetupa riziki kwa ajili ya kitenzi. Niliumia, siwezi kusema vinginevyo. Kisha Neema akaniandikia kutoka Kalemie: "Dada, kuna mama hapa gatini, kitenge kimelowa. Kila boti ya Kigoma ikifika anakuulizia kwa jina. Nimwambieje?"

Sijamjibu. Programu nimeifuta. Sipandi chombo chochote cha majini, hata cha kwenda Kagunga tu hapo, na ofisini wanajua. Nikitoka kwenye kikao nasema "naondoka", wenzangu wananiona sina adabu. Acha waone hivyo.

Nawe unayenisikiliza, jifunze lugha zote unazotaka. Ila usimwambie mtu "nakuja" kama huji. Wapo wanaongoja.