Sauti Iliyonitangulia Ukurasa Mmoja

Siku ile huwa naikumbuka kuanzia miguuni. Kwanza unakuja ubaridi wa vidole, halafu ndipo linakuja jua la saa saba mchana, migomba iliyotulia bila upepo, na ile njia ya miguu ya kijiji cha Nkoaranga iliyotoka kwetu hadi shuleni. Jua lilikuwa kali nami nilikuwa natetemeka. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Lakini, mwanangu, mtu asiyelala huwa wa mwisho kujua kwamba halali.

Nakuandikia kwa sababu shule zimefunguliwa wiki hii. Hapa Olasiti ninapoishi kwa sasa (nasema kwa sasa kwa kuwa tangu nitoke kwetu sijawahi kukaa mahali zaidi ya miaka miwili) nawaona mkipita na sare mpya na madaftari ambayo bado yananukia duka. Juzi mmoja wenu alinionyesha ratiba yake aliyoichora kwa kalamu za rangi. Kuamka saa kumi alfajiri. Kulala saa sita usiku. Katikati hapakuwa na nafasi hata ya kunawa uso. Nilimsifia mwandiko, nikaenda zangu, na tangu hapo moyo haujatulia.

Mimi pia nilichora yangu. Nilikuwa naingia kidato cha tatu, na mwaka uliotangulia nilikuwa karibu na mkia wa darasa. Baba mdogo, ndiye aliyenilea, aliniambia siku moja kabla ya kufungua shule, huku akimkamua ng'ombe bila kugeuza kichwa: "Jaribio la kwanza nikisikia humo kwenye kumi bora, hiyo sare nampa mwingine. Wewe utabeba mikungu ya ndizi na mimi sokoni Tengeru. Mgongo unao."

Wakati ule wanafunzi wa kwetu tulikuwa na dawa yetu ya usingizi. Unachota beseni la maji ya mfereji yanayoshuka mlimani, unakaa, unatumbukiza miguu, unasoma. Ukisinzia, baridi inakupandia hadi kwenye magoti na kukuamsha. Wengine walifanya hivyo wiki ya mtihani. Mimi nilianza siku ya kwanza ya muhula. Niliacha kwaya. Niliacha mpira. Chakula cha mchana nilikula nikitembea, kisha nikaona hata kutafuna kunanichelewesha.

Wiki ya tatu nikaanza kusikia mtu akisoma.

Alisoma nyuma yangu kwa sauti ya chini, kitabu cha Biolojia, kwa Kiingereza kile kile nilichokuwa nakariri bila kukielewa. Nilidhani ni mwenzangu ananitania. Nikigeuka, hapana mtu. Mwishowe niliitambua. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, ila mimi nina kigugumizi kidogo, yenyewe haikuwa nacho. Ilitiririka. Na kilichonishika, mwanangu, si hofu. Kilichonishika ni kwamba ilikuwa ukurasa mmoja mbele yangu. Nikifungua ukurasa unaofuata, nakuta maneno yale yale niliyokwisha kuyasikia.

Labda nilikuwa nimeyasoma nikiwa nusu usingizini, nikasahau. Siku hizi hivyo ndivyo ninavyojieleza. Wakati ule nilijiambia tu kwamba nimepata mwalimu.

Sasa, siku yenyewe. Ilikuwa siku moja kabla ya jaribio. Nilikuwa natoka shuleni, au ndivyo nilivyoamini, na ile sauti ikawa mbele yangu badala ya nyuma. Ilikuwa inasoma sura ya mzunguko wa damu, pale pale nilipokuwa nimekwama. Nikaongeza mwendo nisikie vizuri. Ikaacha njia, ikaingia kwenye migomba. Nami nikaingia. Kadiri nilivyokaribia ndivyo ilivyoshuka, taratibu, kama mtu anayekuongoza akijua hutarudi nyuma.

"Wewe mwanafunzi. Simama hapo hapo."

Alikuwa Bibi Elinami, mama mmoja mjane aliyeishi peke yake na ng'ombe wake, chini kidogo ya kwetu. Alikuwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani na mundu mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwenu ni juu kule. Huku kuna korongo tu. Au mmehamia kwa nyani?"

Nikatazama. Hatua nne mbele yangu migomba ilikuwa imeishia, na chini kabisa kulikuwa na mawe na maji.

"Umetoka shule saa ngapi?" akauliza.

"Sasa hivi, bibi."

"Hukwenda shule wewe. Asubuhi nikipanda kukata majani nilikukuta umesimama pale kwenye mti wa mringaringa. Nimekusalimia, hukuitika. Nimerudi na mzigo wa kwanza, upo. Huu ni wa pili."

Nilikuwa nakumbuka kengele. Nilikuwa nakumbuka chaki mkononi mwa mwalimu. Baadaye nilikuja kuliona daftari la mahudhurio, na siku ile mbele ya jina langu palikuwa patupu.

Nikamuuliza kwa kunong'ona kama alisikia mtu akisoma.

Akautua mzigo. "Nimesikia. Ndiyo maana nimefuata huku, nilidhani ni wewe." Kisha akanitazama mdomoni. "Lakini midomo yako imefungwa tangu nilipokuona."

Hakusema zaidi kuhusu hilo, siku ile wala siku nyingine. Alinitwika ule mzigo, akanitanguliza hadi kwake, akanipa bakuli la loshoro la ndizi na maziwa mgando, akasimama mlangoni mpaka nilipolilamba. Kisha akayatandaza majani kando ya ng'ombe wake, akasema, "Lala, profesa." Nililala saa tisa mchana. Nilipoamka jua lilikuwa juu tena, ilikuwa kesho yake, na jaribio lilikuwa limekwishaanza bila mimi.

Baba mdogo alikuwa amefika, amesimama uani, uso umemvimba kwa hasira. Bibi hakumpa kiti.

"Ng'ombe wako unamkamua mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili, mama. Si unajua?"

"Kwa nini si mara sita? Hutaki maziwa mengi?"

Baba mdogo akageuka kumtazama ng'ombe wa bibi.

"Ukimkamua mara sita utapata damu," bibi akasema. "Huyu jana alikuwa anakwenda korongoni na madaftari yake. Ungeyaokota chini kule."

Tulipanda kwenda nyumbani. Mlangoni baba mdogo akaniambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nenda shule. Shika namba yoyote utakayoshika."

Ningependa kuishia hapo, mwanangu, lakini nitakuwa nakudanganya. Nilipewa nafasi ambayo wengi hawapewi, na niliipoteza mwenyewe. Nililala vizuri wiki mbili, nikala, nikarudi kwaya. Sauti ikanyamaza. Nami nikaikumbuka, nikaitamani. Bila yenyewe nilikuwa mwanafunzi wa kawaida mwenye kigugumizi, na sikuweza kuvumilia kutojua ukurasa unaofuata una nini. Basi nikachota maji tena, nikiwaficha wote.

Sauti ilirudi siku ya nne, darasani, kipindi cha hesabu. Wenzangu waliniambia baadaye kwamba niliinuka, nikaijibu kwa sauti kubwa, maneno marefu ambayo hakuna aliyeyaelewa, nikatoka mlangoni. Walinifuata, wakanishika, wakanipeleka hospitali. Nilikaa huko muda mrefu. Daktari alisema akili iliyonyimwa usingizi huanza kuota ikiwa macho, na namwamini. Aliyoyasikia Bibi Elinami sikumwambia. Nilipotoka sikuweza kukaa mbele ya kitabu hata nusu saa, ilinichukua miaka kuweza tena. Nimechuma kahawa, nimepakia mizigo katika mji mdogo wa Maji ya Chai, nimelala miji mingi, nikijifunza kidogo kidogo kwa kuuliza watu na kusoma magazeti yaliyofungia maandazi. Lakini lile dawati lilipata mtu mwingine.

Kwa hiyo nakuomba. Kwenye ratiba yako, andika usingizi kwanza, kisha chakula, kisha mchezo, na masomo uyapange katika saa zinazobaki. Utashangaa ni nyingi. Usione fahari kukesha. Ukianza kusikia au kuona usichoweza kuwaonyesha wenzako, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, hata kama unachokisikia kinakusaidia, na hasa kama kinakusaidia. Mkubwa wako akikudai namba fulani, mwombe akutazame usoni kabla hajakudai. Na ukipewa nafasi ya pili, usimfiche mtu unachofanya nayo.

Mungu akupe mwaka wenye siku za kawaida, nyingi, zinazofuatana. Ukilala, ulale. Mwalimu akiita jina lako asubuhi, uwe pale mwili na akili, na uitikie mwenyewe, hata kwa kigugumizi.