Ziwa la Plaiwudi

Nakumbuka asubuhi moja mwishoni mwa mvua, hapa hapa Sumbawanga. Baba yetu alikuwa ameketi mbele ya nyumba ya kaka yangu Deusi, blanketi mabegani, akasema neno moja.

"Huku maji hayasikiki."

Mwanangu, baba alizaliwa Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akavua tangu utotoni mpaka mvi zikamjaa kichwani. Kiharusi kilipomlegeza upande wa kushoto, sisi wanawe wawili tulimpandisha huku juu ili awe karibu na hospitali. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Deusi alikuwa seremala, na mimi mdogo wake, binti niliyekuwa bado sijaolewa, nilishona nguo nyumbani huku nikimwangalia mzee. Huku Ufipa ni kwema, mahindi yanakubali na ulezi unakubali, lakini mtu aliyelala na kuamka na mawimbi maisha yake yote, upepo wa huku haumwambii kitu.

Deusi alilibeba lile neno moyoni. Siku chache baadaye aliniambia, "Dada, nitamtengenezea baba maji yake. Tangi la samaki, kubwa, likae sebuleni alione akiwa kitini."

Alikuwa ameona tangi la namna hiyo kwenye hoteli moja Mbeya, la kioo kitupu. Lakini wakati ule lami ilikuwa haijafika kwetu, na kioo kikubwa kisingefika salama kwenye barabara ile ya mashimo. Kwa hiyo akaamua: pande zote plaiwudi, isipokuwa mbele, ambako angeweka kioo kimoja cha kiasi.

Alianza na meza ya kulibeba. Mimi nilidhani angeanza na tangi lenyewe, maana ndilo litakaloonekana. Akatikisa kichwa. "Maji ni mzigo. Ukiyaona kwenye ndoo unayadharau." Akachagua mninga uliokauka vizuri, akachonga miguu minene, akaiunganisha kwa ndimi na matundu badala ya misumari, akaikaza kwa mbao za kukingama. Kila pembe aliiwekea pimamaji, na palipoinama kidogo alirudi na randa. Mwanangu, nimeishi na mafundi wengi, sijaona mkono uliotulia kama ule.

Kisha likaja sanduku lenyewe. Aligundisha plaiwudi mbili mbili ziwe nene, akazifunga kwa skrubu zilizokaribiana. Kioo alikipachika kwa ndani ili maji yenyewe yakisukume kwenye fremu. Ndani akapaka rangi nzito isiyopitisha maji, tabaka juu ya tabaka, na kwenye viungo akapitisha silikoni kwa kidole. Tulipolijaza mara ya kwanza, pembe moja ilitoa machozi. Tukalikausha, akarudia. Likatoa tena. Akarudia tena bila kunung'unika.

Baba alikuwa akitazama yote hayo. Siku moja alinyoosha mkono wake mzima akapapasa kiungo cha meza, akasema, "Kazi safi." Halafu akaongeza, "Deusi, kuna jambo nataka..."

"Subiri, baba," Deusi akamkatiza kwa furaha. "Utaona mwenyewe likiisha."

Baba akarudisha mkono wake ndani ya blanketi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, nasi tuliishika methali hiyo kana kwamba ni amri ya Mungu.

Tangi lilipokuwa tayari, Deusi alikodi pikapu aende Kasanga kuchukua samaki: wale wadogo wa miambani, wenye mistari na rangi. Asubuhi ya safari baba aliniomba koti lake na kofia. Kipupwe kilikuwa kimeanza, nikadhani anasikia baridi. Nikamvalisha, nikamkalisha karibu na geti. Pikapu ikaondoka na mapipa yake matupu. Baba alibaki pale na kofia yake mpaka jua likapanda, ndipo akasema nimrudishe ndani.

Samaki walifika wazima. Majirani walijaa sebuleni, watoto wakabandika pua kwenye kioo. Kwa kweli lilikuwa zuri. Baba alitazama, akamshukuru Deusi, akambariki. Lakini chakula chake kilizidi kupungua siku hadi siku, na mimi niliyekuwa nikiosha vyombo ndiye niliyeona.

Samaki wa ziwa wamezoea joto, mwanangu, na wewe unaijua baridi ya Ufipa mwezi wa saba. Deusi alikuwa ameweka kifaa cha umeme cha kupasha maji, ila umeme wetu ulikuwa wa kubahatisha. Asubuhi moja tuliamka tukakuta umekatika tangu usiku, na samaki wamelala chini, wengine tumbo juu. Deusi aliinjika sufuria, akawa anamimina maji ya moto kidogo kidogo, machozi yanamtiririka. Hakuokoa hata mmoja.

"Baba, nisamehe," alisema. "Nitawafuata wengine. Nitatafuta na jenereta."

"Kaa chini, mwanangu," baba akasema. "Na wewe, binti, njoo ukae."

Tukakaa.

"Lile gari lililoleta samaki, wakati wa kushuka, kiti cha mbele alikaa nani?"

"Dereva na mimi, baba."

"Na nafasi ya pembeni yako?"

Deusi akajibu, "Ilikuwa wazi."

"Nilivaa koti," baba akasema. "Nilivaa na kofia. Nilingoja mtu aniulize."

Hakupaza sauti. Mwanangu, nimegombezwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini hakuna maneno yaliyoniingia kama yale yaliyosemwa taratibu.

Deusi akasema, "Tulidhani huwezi safari, baba. Barabara ni mbaya, na wewe ni mgonjwa."

"Mmenipenda, naona. Tangi ni kazi ya mtu anayependa. Lakini tangu niugue, kinywa changu mmekifanya cha kulia uji tu. Mimi sikutaka ziwa lije hapa. Nilitaka kwenda nyumbani."

Siku ile ile nilikwenda hospitali kumuuliza daktari. Akasema mzee anaweza kusafiri, mradi apumzishwe njiani na dawa zake ziende naye. Jibu lile lilikuwepo muda wote.

Wiki hiyo tulishuka. Baba alikaa mbele, tukasimama Msanzi akanywa chai, tukasimama tena mteremko ulipoanza. Maji yalipoonekana kwa mbali alishika mkono wa Deusi. Huko Kasanga shangazi yetu, dada yake baba, alitupokea kwa vigelegele. Tulimkalisha baba ufukweni, miguu ndani ya maji, na wavuvi wa rika lake wakaja mmoja mmoja kumpa habari za nyavu na za waliokufa.

Hakurudi tena Sumbawanga. Nilibaki naye mpaka ulezi ulipovunwa tena huku juu, ndipo akafariki akiwa kwenye kitanda chake, dirisha wazi. Alikula vizuri mpaka wiki yake ya mwisho.

Mwanangu, leo naona vijana wetu wakiwajengea wazazi nyumba za vigae, wakiwahamishia mijini, wakiwanunulia televisheni kubwa. Sikukatazi, mkono wa kutoa una thawabu yake. Ila kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Kabla hujampimia mtu mbao, kaa naye, umuulize, halafu unyamaze umsikilize mpaka amalize, hata kama ulimi wake ni mzito na wewe una haraka. Akianza kusema "kuna jambo," weka chini ulichoshika. Mgonjwa ni mtu, na mzee ni mtu, na mtu ana lake analolitaka.

Mungu akupe mikono yenye kazi na masikio yenye subira. Wazazi wako wakuone ukiwa nao karibu, na siku yako ya uzee ikifika, asikose mtu wa kukuuliza unataka nini.