Baiskeli ya Dukani Ilivyonifikisha Kihoto

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyotoka Bahati kwa baiskeli kwenda Naivasha kumwona dada yangu aliyekuwa amejifungua. Nilikuwa msichana, miaka ile ya hamsini, na baiskeli nilikuwa nimeinunua juzi tu kwa jasho la kuchuma pareto. Nakuambia haya kwa sababu nasikia unatafuta baiskeli ya safari, na kila mtu amekushika sikio.

Yangu ilikuwa ya dukani, nyeusi, nzito, na kile chuma cha juu ambacho wazee walisema si cha mwanamke kuvuka. Baba Mkubwa, kaka yake baba, aliniita.

“Hiyo ni ya wanaume,” akasema. “Kama ni lazima upande, enda kwa fundi aikate, akutengenezee ya kike. Mwacha mila ni mtumwa.”

Nilimjibu, na sijutii mpaka leo: “Baba, mimi sijaizoea. Nitamwambia fundi akate wapi?”

Alikasirika. Akaamua kwamba nikikwama njiani, baiskeli itakuwa ya mwanawe Njoroge, na Njoroge huyo huyo angenisindikiza awe shahidi. Nikakubali. Nilivaa kaptula ya kaka yangu chini ya rinda, nikafunga nyuma kibuyu cha uji wa mzazi, tukaondoka.

Njoroge, jamani, alikuwa na baiskeli ya kuundwa. Fundi wake alikuwa ameunganisha vyuma vya baiskeli tatu, akakunja usukani kama pembe za ng'ombe. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Alinicheka kutoka Nakuru mpaka karibu na Gilgil, ambapo pedali yangu ililegea, akacheka zaidi. Lakini duka la kwanza tulilofika Gilgil lilikuwa na pini yake, nikafungiwa kabla chai haijapoa.

Hatukuenda mbali. Uma wa mbele wa baiskeli ya Njoroge, ule unaoshika gurudumu, ulikatika pale ulipoungwa. Tukarudi dukani, mwenye duka akaugeuzageuza.

“Huu sina, na hakuna mwenye anao,” akasema. “Rudisha kwa fundi aliyeunda.”

Njoroge akanitazama. “Basi leta yako niendeshe, wewe ukae nyuma.”

“Hii ni yangu,” nikamwambia. “Ukitaka kufika, kaa nyuma ushike kibuyu.”

Alisimama barabarani akitafuna midomo. Mwanaume kubebwa na msichana, tena amepakata uji wa mzazi! Jua lilipozidi, akaiacha yake dukani, akapanda. Miguu iliniuma vibaya, lakini sikushuka mpaka Kihoto, mtaa wa Naivasha alikokaa dada, wanawake wakatoka kutulaki, wakampokea kibuyu kwa vigelegele. Baba Mkubwa hakuitaja tena baiskeli yangu.

Basi sikia, mwanangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anza na ya dukani, ile ambayo vipuri vyake viko kila kituo. Ipande mpaka mgongo na magoti yakwambie yanataka nini, ndipo uende kwa fundi. Mimi nilikwenda miaka miwili baadaye, nikainua kiti tu. Kile chuma cha juu nilikiacha.

Mungu akupe barabara kavu na magoti mazima. Na wanaokucheka awalinde pia. Wakikwama, wape kibuyu washike, uwaambie wapande nyuma.