Ua Jekundu Kifuani pa Mwenyekiti

Wenzangu, nimeshajicheka vya kutosha, sasa zamu yenu. Juzi kikundi chetu cha taarabu hapa Ngamiani kilipata santuri yake ya kwanza. Mimi, mpiga udi, nikajitolea kutengeneza mifuko ya santuri hizo kwa mkono.

Kupeleka kwa mpiga chapa nilikataa, nikidai sanaa haitoki kwenye mtambo. Nikachonga ua kwenye kibao, nikakipaka wino mwekundu, nikajaribu kwenye karatasi ya kaki. Wino ukakauka upesi. Lakini kaki niliiona ya kufungia sukari, basi nikanunua karatasi nyeupe inayong'aa kama kioo.

"Si uijaribu na hii kwanza?" mke wangu akauliza.

"Karatasi ni karatasi, mama," nikamjibu.

Siku ya sherehe tuliwaalika hata wapinzani wetu wa Pangani. Mfuko wa kwanza nikampa mwenyekiti wetu, Mzee Shekue, aliyevaa kanzu nyeupe pepepe. Akaukumbatia kifuani hotuba nzima, na wageni nao wakaikumbatia yao. Alipoushusha, ua lilikuwa limehamia kwenye kanzu.

"Bwana, hilo ua la nani tena?" mkewe akasema.

Watu wakaanza kujitazama. Ukumbi mzima ulikuwa umechanua. Wapangani wakaangua kicheko, mwenyekiti naye hakujizuia. Mwimbaji wetu, Bi Zuhura, akaninyooshea viganja vyekundu, machozi ya kicheko yakimtiririka:

"We bwana, tulikwambia upige chapa mifuko, siyo watu!"