Sabufa ya Marehemu Haikupasuka

Yanayosemwa mtaani, kwamba sabufa ya marehemu mume wangu ilipasuka mbele ya mteja, si kweli. Nilikuwepo, nimeketi karibu nayo, na akili zangu timamu.

Marehemu alikuwa fundi wa spika, na kazi yake aliionea fahari. Sabufa hakuzijaribu kwa muziki wa kuchezea. "Mdundo hata debe hutoa," alizoea kusema. Alikuwa na rekodi ya kinanda cha kanisani, kile cha mabomba marefu kuliko nyumba, chenye sauti nzito inayolipita sikio ikaingia mbavuni. Alikuwa akivua viatu na kukaa sakafuni, akaisikiliza kwa nyayo.

Siku hiyo alikuja mwalimu wa kwaya kununua sabufa, mtu wa masikio makali na ulimi mkali zaidi. Angeikataa sabufa ile, kwaya zote za mji zingejua kabla ya Jumapili, na jina la fundi lingekwisha. Kinanda kikashuka, kikashuka, pazia likatetemeka. Mara: krrr!

"Fundi, imepasuka hiyo," mwalimu akasema.

"Subiri, mwalimu." Mume wangu akazunguka chumba akiweka kiganja juu ya kila kitu: meza, dirisha, picha ya harusi yetu. Ndivyo alivyowinda mtetemo. Alipogusa kabati la dada yake, mlio ukakatika.

Wifi yangu, aliyeishi nasi, na ambaye mtaa mzima unazijua hotuba zake dhidi ya ulevi, akaruka. "Kaka, kabati langu halifunguliwi!"

"Nani kasema nalifungua? Mwalimu, shika upande ule, tulitoe nje."

Wakalibeba likilia kling kling njia nzima, wifi nyuma yake kama mfiwa. Mlangoni tone likamdondokea mwalimu kiatuni. Akainama, akanusa, akakohoa.

"Siki," wifi akasema.

"Siki yako, dada, inaimba besi kuliko kwaya yangu!"

Waliporudi ndani, kinanda kikashuka hadi chini kabisa, safi, bila mkwaruzo. Mwalimu akajishika kifua, akacheka kama mtoto anayetekenywa. Akainunua palepale, na hadi leo inanguruma ukumbini kwao. Nendeni mkaisikilize.

Kuhusu kabati, wifi alisema ni siki. Mimi sina la kuongeza, na anayetaka zaidi asibishe hodi kwangu.