Nilisema Karate ya Mwanangu ni Ibada

Nimekosa mie, na sitafuti mtu wa kunitetea. Darasa la karate la watoto hapa mtaani kwetu Vingunguti limekufa, na aliyeliua ni mie kwa mdomo wangu!

Mwalimu, tumwite Hemedi, alifundisha jioni kwenye ukumbi nyuma ya soko. Watoto walijaa mpaka wengine wakawa wanasubiri zamu barazani. Binti yangu wa miaka tisa hakukosa hata siku moja. Sare yake alikuwa anaifua mwenyewe, hataki niiguse.

Ukafika mtihani wa mkanda wa njano, Hemedi akamwacha. Nikamfuata nimevimba.

"Mwalimu, wenzake wote wanafanya, wangu kakukosea nini?"

"Mama, bado hajajua kuanguka. Akidondoka vibaya atavunjika mkono. Nipe miezi mitatu."

Miezi mitatu! Na nilishatangaza mtaa mzima! Jirani yangu Mama Rehema akanipokea na kicheko: "Vipi shoga, mkanda umeuacha kwa fundi?"

Nikaungua. Hata viatu sijavua nikashika simu, nikarekodi sauti nikaitupa kwenye kundi la wazazi: "Jamani, mmejiuliza kwa nini wanetu wanainamishwa mbele ya picha ya yule babu ukutani? Ile ni ibada! Waislamu, Wakristo, tunawapeleka wapi watoto?"

Nilijua ni uongo. Siku ya kwanza kabisa nilimuuliza Hemedi, akaniambia yule ni mwalimu wa zamani wa karate, na kuinama ni salamu tu, kama sie na shikamoo yetu. Na mwenyewe ni mtu wa swala tano! Jasho halijakauka, huyo msikitini.

Watoto wakaanza kupungua wiki ileile. Hemedi akaita kikao, akaishusha picha mbele ya macho yetu. Akasema hata kuinama basi, watoto watapeana mikono. Nani alimsikiliza? Mama Rehema akasimama, akamshika mwanawe mkono, akatoka, na wengine wakamfuata. Mie nimekaa nyuma nachezea pindo la khanga. Neno moja tu lingetosha pale. Sikulisema!

Binti nikampeleka karate ya jimu mpya ya Segerea, ya vioo na muziki. Siku hizi zimezagaa. Mwezi haujaisha, wamemvisha mkanda wa njano. Tulipofika nyumbani akaufungua, akaenda kufungia mlango wa banda la kuku. "Huu sijaufanyia kazi," akasema. Jimu hakurudi tena.

Asubuhi moja akaja kuniamkia. Sie watu wa Songea, mtoto wa kike anaamkia kwa goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Hakuinuka. Akanitazama.

"Na hapa nakuabudu?"

Jamani! Kumbe sauti yangu aliisikia kwenye simu ya Mama Rehema. Tangu siku ile ananiamkia amesimama.

Ukumbi sasa umejaa viti vya kukodisha vya harusi. Hemedi analinda duka la vipuri. Nilimfuata, nikalia. Akasema, "Mie nimekusamehe. Ila ulikosema uongo, ndiko ukaseme kweli."

Nikarekodi nyingine, nikakiri yote. Ile ya uongo ilisambaa mpaka vikundi nisivyovijua. Hii ya kweli hakuna aliyejibu. Mama Rehema akatoka kwenye kundi. Huyo huyo aliyekuwa wa kwanza kunyanyuka! Ananikera, lakini moto niliuwasha mie.

Kila jioni, saa zilezile za darasa, nasikia kishindo chumbani. Kishindo, kimya, kishindo. Binti kalitandika godoro chini, anajifundisha kuanguka peke yake.

Wewe mama uliyemkasirikia mwalimu wa mwanao, nenda kagombane naye uso kwa uso, hata mtukanane, yataisha. Lakini hasira yako usimsingizie Mungu. Mie nilimsingizia, na mwanangu hana wa kumshika mkono amwinue.