Sikio la Shemeji

Nilimpiga shemeji yangu kwenye barabara ya mlimani, juu ya kijiji cha Olmotonyi, asubuhi kweupe, kwa sababu ya injini. Naanza na hilo ili nisipate nafasi ya kujipamba.

Tulikuwa na gereji moja pale mtaa wa Levolosi, mimi na yeye. Alikuwa amemwoa dada yangu mkubwa. Mimi nilikuwa mtu wa chuma, kufungua na kufunga. Yeye alikuwa yule anayekaa ndani ya gari na laptopu mapajani, akiiambia injini ifanye nini. Mikono yangu ilikuwa myepesi. Nilishamvunja jino muuza vipuri aliyenipa pampu feki, na mteja mmoja nilimkaba hadi majirani wakaja kunibandua vidole kimoja kimoja. Mtaani waliniita mkali, na jina hilo nililipenda. Shemeji hakuwahi kupandisha sauti. Hilo nalo lilinikera.

Gari lilikuwa la mkulima kijana wa Momela, mshindani wa mbio za magari. Injini yake ilikuwa na tabo, ile feni inayoisindilia injini hewa, na kemshafti zake, zile fito zinazofungua valvu, zilikuwa za aina inayosukumwa na oili, ili valvu ziwahi au zichelewe kufunguka kulingana na mwendo. Hapo ndipo ilipokuwa kazi ya shemeji. Ukiziwahisha valvu za kuingiza hewa wakati injini iko chini, tabo inaamka mapema na gari linakubandika kwenye kiti. Lakini ukiziacha hivyo injini ikishapanda na tabo inasukuma kwa nguvu zote, gesi ya moto inarudi ndani ya silinda, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni zinapigwa kama kwa nyundo. Mtu inabidi aziwahishe chini, azirudishe juu, na kati ya hapo atafute mahali sahihi. Yeye alitafuta kwa masikio. Alifunga maiki ndogo kwenye injini, akavaa hedifoni, akasikiliza mlio mdogo wa kugonga wa ndani ambao mimi sikuwahi kuusikia. Anabadilisha digrii mbili, tunapanda mlima, anasikiliza, anabadilisha tena.

Siku hiyo tulipanda mara sita. Mteja alikuwa ameshapiga simu mara tatu akitaka gari lake. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Tulipoanza mara ya saba shemeji akaniambia nisimame. Alieleza kwamba kemshafti inaamriwa irudi na hairudi kwa wakati, kwamba huenda kuna kitu kinaizuia oili, na kwamba ni vizuri turudi gereji tufungue kava la mbele.

Kava lile nililifunga mimi.

"Unasema nimefunga vibaya?" nilimuuliza.

"Sijasema hivyo. Nasema tufungue tuone."

Nikakanyaga mafuta. Tabo ikalia, misonobari ikaanza kutupita kwa kasi, na yeye akashika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na laptopu kwa mwingine. Nakumbuka nilifurahi kumwona ameogopa. Akasema, "Achia, shemeji. Inagonga." Nikakandamiza zaidi. Akasema tena niachie. Kisha kikatokea kishindo kimoja kizito chini ya miguu yetu, kama mtu ameipiga sakafu ya gari kwa nyundo kubwa, na mkono wa chuma unaoshika pistoni ukavunjika, ukatokea ubavuni mwa injini. Oili ikamwagikia bomba la moto. Moshi ukajaa ndani. Nililiburuza gari hadi kando ya barabara na wote wawili tukaruka nje.

Alivua hedifoni, akazining'iniza shingoni. Akasema taratibu, "Nilikuambia."

Nilimpiga kofi la sikio la kushoto kwa mkono wote. Akayumba. Nikampiga ngumi ya mdomo, akaanguka kwenye mfereji, nikashuka nikamfuata humo humo. Nilimpiga mateke ya mbavu. Nilikuwa nampigia kelele kwamba ameniulia injini, na kila nilipolisema neno hilo nilimpiga tena, kana kwamba kipigo ndicho kingelifanya liwe kweli. Yeye alijikunja akiwa ameikumbatia laptopu tumboni. Hakunirudishia hata mara moja.

Aliyenitoa ni mama mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa mjini. Aliweka galoni zake chini, akachukua fimbo, akanipiga mgongoni mara nyingi huku akinitukana kwa Kimaasai, mpaka nilipogeuka. Nikamwinulia mkono. Hakurudi nyuma. Akaniuliza kwa Kiswahili kama na yeye nitamuua. Hapo ndipo nikaona damu ikitoka kwenye sikio la shemeji, nyembamba, ikishuka hadi kwenye kola.

Kesho yake asubuhi dada alikuja gereji. Injini nilikuwa nimeshaishusha. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akavuta tairi bovu, akaketi juu yake, akasema neno moja tu: "Fungua."

Dada yangu hajui injini. Lakini mumewe alikuwa ameshamweleza habari ya kava, na alikaa pale kama mkaguzi, kanga ameifunga kiunoni, na mimi nikafungua bolti moja baada ya nyingine. Nilipolitoa kava la mbele nikakifikia kile kichujio kidogo cha oili inayokwenda kusukuma kemshafti. Kilikuwa kimezibwa na kipande cha gundi ya silikoni, cha kijivu, kikubwa kuliko punje ya maharage. Gundi yangu. Nilipokuwa nafunga nilikamua nyingi kupita kiasi kwa sababu ya haraka, ikachuruzika ndani, ikakatika.

Nilikifumbata.

"Fungua mkono," dada akasema.

Sikufungua. Akainuka, akachukua ringi spana juu ya meza, akanipiga kwenye ngumi niliyoifunga. Nikasikia mfupa. Akanipiga tena mahali pale pale. Nilikuwa na nguvu za kumrusha hadi barabarani na sikusogea. Vidole vikaachia vyenyewe. Akakiokota kile kipande, akakifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka nacho kumpelekea mumewe.

Nilivunjika vidole viwili. Shemeji alipasuka ngoma ya sikio, ikaingia maambukizi, na upande wa kushoto haukusikia tena. Dada alitaka nishtakiwe. Shemeji alikataa, na si kwa huruma. Alisema hataki kukaa chumba kimoja na mimi akinisikia najitetea.

Miezi kadhaa baadaye niliijenga upya injini ya yule mkulima kwa gharama yangu. Shemeji alikubali kuipima, kwa sharti kwamba mimi nisiwe ndani ya gari. Nilisimama kando ya barabara ile ile wakati mteja mwenyewe anaendesha. Lilipita mbele yangu mara kumi na tisa. Shemeji alikuwa ameshikilia hedifoni moja kwenye sikio la kulia na kichwa amekiinamisha, na kazi aliyokuwa akiimaliza asubuhi moja ilimchukua siku tatu.

Kwenye Idi iliyofuata nilikwenda kwao. Nikaketi karibu naye mkekani na nikamwomba msamaha, maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani. Hakugeuka. Nikajua amekataa, nikaanza kuinuka. Dada, aliyekuwa anagawa pilau, akaniambia bila kunitazama, "Umekaa upande mbaya. Zunguka, useme tena."

Nikazunguka hadi kuliani kwake. Kusema mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa alikuwa ananitazama mdomoni. Nilipomaliza akasogeza sahani.

"Nimesikia," akasema.

Siku hizi shemeji ana gereji yake mwenyewe, na mteja akija kwangu na gari lenye tabo namwelekeza kwake.